Maziwa Yako Hayana Kosa

Talaso mwanangu,

Salamu tutapeana asubuhi kwa mdomo, tukijaliwa, kwa hiyo hapa sitazunguka. Maziwa yako hayana kosa. Boru hakuharisha kwa sababu ulitembea naye juani, wala kwa sababu ya kabichi uliyoacha kula, wala kwa lolote alilosema mama mkwe wako kwenye simu. Aliharisha kwa sababu mimi, babu yake, nilimpa dawa wewe ukiwa hupo. Hata ukiikunja karatasi hii sasa hivi, umeshapata lile ambalo sikutaka urudi kwa mumeo Korbesa bila kulijua.

Lakini nakujua, hutaikunja. Utataka kujua dawa gani, lini, na kwa nini nilinyamaza. Nitakuambia yote. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho walichonifundisha kukiandika shuleni. Kiborana changu kimeishi mdomoni siku zote, nikikiweka kwenye karatasi kinanipotea. Na naandika kwa sababu mdomo umenishinda. Unajua kazi yangu. Dalali wa mifugo naweza kumsimamisha mbuzi kilema katikati ya soko, na mnunuzi akaondoka naye akiamini yule mbuzi anacheza ngoma. Maneno hayajawahi kunipungukia mpaka wiki hii, ambapo nimekula nawe sahani moja asubuhi na jioni na kila mara nikameza nilichotaka kusema pamoja na chakula.

Mambo ya chandarua, ya maji ya kuchemsha na ya kumkinga mtoto na vumbi la njiani, mama yako amekuwa akiyasema tangu juzi, na akimaliza anaanza upya. Hayo namwachia yeye. Mimi nina langu.

Boru alipoanza mafua na kikohozi, ulimfunga mgongoni ukampeleka hospitali, ukarudi mikono mitupu. Nilikuwa nimekaa nje na wageni wawili kutoka Gotu waliokuja kwa habari za mbuzi. Nikakuuliza mbele yao dawa iko wapi. Ukasema, "Aba, daktari amesema ni mafua tu ya virusi, dawa haisaidii. Anyonye, apate joto, na tumwangalie pumzi." Nikacheka. Nikakuuliza, "Kwa hiyo ulimpeleka Boru akamsalimie daktari?" Wageni wakacheka pia. Uliingia ndani ukamnyonyesha. Nilijiona nimeshinda, na sijui nilidhani nimemshinda nani.

Kesho yake nikaenda kemisti. Sikwenda ile ya karibu na msikiti ambako wananijua, nilikwenda ile ya upande wa stendi. Kijana wa pale, Mmeru mpole, aliniuliza mtoto ana umri gani na ameonwa na nani. Nikamwambia ameonwa na daktari, na hiyo ilikuwa kweli. Nikamwambia daktari amesema anywe ile dawa ya unga inayochanganywa na maji, na huo ulikuwa uongo.

"Karatasi ya daktari iko wapi, mzee?"

"Imelowa. Mama yake amefua nguo na karatasi iko ndani ya mfuko."

"Sasa mimi nitajuaje ni kipimo gani?"

"Kijana, mimi nimelea watoto wewe ukiwa bado hujazaliwa. Nipe dawa niende, mtoto ako na shida."

Akaniangalia, akanipa. Usimlaumu. Nilimbana jinsi ninavyowabana wanunuzi, mpaka akaona ni rahisi kunipa kuliko kubishana nami.

Ulipoingia kuoga, nilimpa kijiko. Ulipokwenda kumsalimia shangazi yako, nilimpa kijiko. Chupa niliificha kwenye mfuko wa koti langu la sokoni, kwa sababu koti lile linanuka mbuzi na hakuna mtu wa nyumba hii anayeligusa. Boru aliipenda kwa ule utamu wake. Aliniangalia kwa macho yale makubwa akitaka tena, nami nikamwambia, "Mwanaume, hii ni siri yetu." Nakuandikia hata hilo ili usidhani ilitokea kwa bahati mbaya.

Kikohozi kikapungua, kama daktari alivyokuambia kwamba kitapungua chenyewe, nami nikajipa sifa moyoni. Halafu tumbo likafunguka. Kamba ya nguo ikajaa nepi, na wewe ukawa hulali. Ukampeleka tena kwa daktari. Uliporudi ulimsimulia mama yako jinsi alivyokuuliza kama umempa mtoto dawa yoyote, nawe ukamjibu hapana, wallahi hapana. Uliapa, Talaso. Uliapa kwa jambo ambalo lilikuwa limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, ndani ya koti langu. Mimi ndiye niliyekutia uongo mdomoni bila wewe kujua, na kama kuna dhambi katika kiapo kile naiomba iandikwe upande wangu.

Daktari alikupa chumvi ile ya pakiti ya kuchanganya na maji, akakwambia uendelee kunyonyesha. Lakini hakuweza kukuambia kwa nini tumbo lilifunguka ghafla vile, na pale palipokosa jibu, mama mkwe wako akaleta lake. Simu ulikuwa umeiweka sauti ya juu.

"Hayo ni maziwa," akasema. "Umetembea na jua la Isiolo, maziwa yamepata moto. Ukifika hapa Korbesa tutampa ya mbuzi mchana. Wewe utamnyonyesha usiku, maziwa yakiwa yamepoa."

Ulipokata simu ulinitazama mimi. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Ukaniuliza, "Aba, inaweza kuwa kweli?" Na mimi nikasema, "Labda. Jua la siku hizi ni kali."

Katika yote niliyofanya, hilo ndilo linaloniunguza zaidi. Dawa nilimpa kwa woga. Lakini ile "labda" niliisema nikiwa nimetulia, chai yangu mkononi, machozi yako nikiyaona, na niliisema ili mimi nisijulikane. Tangu siku hiyo nimekuona ukijificha kunyonyesha, ukikamua kidogo kwenye kiganja na kuyanusa maziwa yako mwenyewe. Nimekuona ukiuliza jirani kama na yake yaliwahi kupata moto. Binti yangu ananusa maziwa yake kama mtu aliyeuziwa kitu kilichooza, na mimi niliyejua nikaenda sokoni.

Leo mchana, nikifunga mizigo yako kwa kamba, nikaona chupa mpya ya kunyonyeshea imefungwa kwenye leso. Boru hajaanza hata kukaa. Na Korbesa si kama hapa mtaani kwetu Wabera, ambapo ukishtuka unasimamisha boda na kabla hujamaliza dua umefika hospitali. Huko, akiharisha kwa maziwa ya mbuzi yaliyoshinda kwenye joto, hospitali kubwa ni safari, na mvua ikinyesha hata hiyo safari haipo. Nilipoiona ile chupa niliiacha kamba. Nikakaa juu ya gunia la mchele wako mpaka mama yako akaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana. Baadaye nikamwita nyuma ya nyumba nikamwambia yote.

Mama yako hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema tu, "Tena?" Kisha akaingia ndani.

Hiyo "tena" yake inahitaji nikuelezee, maana wewe hukuelewa mambo ya wakati ule, ulikuwa mdogo. Mimi udaktari wangu niliupata kwa mbuzi. Nilipokuwa kijana kwenye kundi la baba yangu, mbuzi mmoja akianza kukohoa hukungoja. Ugonjwa ule wa mapafu, sombesa, ukiungoja unaamka na mizoga. Kwa hiyo unachukua bomba la sindano na kudunga kundi zima, anayekohoa na anayeruka juu ya miba kwa afya. Na mbuzi mgonjwa akiinua kichwa na kuanza kula, basi, amepona, dawa iliyobaki inarudi kwenye mfuko kungoja siku nyingine. Hivyo ndivyo tulivyofanya wote, na aliyefanya hivyo aliitwa mfugaji makini. Hakuna aliyewahi kunicheka.

Nilipohamia mjini nikaja na akili ile ile, nikaitumia kwenu. Ndugu yako Dida akikohoa, mlipanga foleni wote mbele ya kijiko. Wewe uliwahi kulia ukisema, "Aba, mimi sikohoi," nami nikakujibu, "Bado." Mama yako alicheka siku ile, nami nikaona nimesema jambo la busara. Homa ikishuka nilifunga chupa na kuiweka juu ya kabati. Chupa ya Dida ilinywewa na wewe, yako ikamaliziwa na mtoto wa jirani, na kile kilichobaki chini, kilichoganda, nilikitikisa na maji kidogo nikaona nimeokoa.

Majirani wakajua. "Baba Talaso, mtoto amekohoa usiku kucha, hukubakisha kitu?" Nilikuwa nimebakisha. Wakaanza kuniita daktari, kwa utani kwanza, halafu bila utani. Nilisema, "Mimi si daktari bwana," huku nikijinyoosha mgongo. Nilikuwa nikipenda, Talaso. Mtu wa kutoka malishoni, asiye na shamba wala cheo, watu wanagonga mlango wake kwa sababu ana kitu. Nikienda hospitali, daktari mzuri kwangu alikuwa yule anayenipa dawa. Anayeniambia mtoto atapona mwenyewe, nilisema ni mvivu, au ni hawa watu wanaoletwa kutoka mbali na hawatupendi. Kuna mmoja nilimwambia usoni, "Nimefunga biashara kuja hapa, halafu unaniambia nirudi nikamkumbatie?" Akaniandikia dawa. Alikuwa na foleni mpaka mlangoni, alitaka nitoke. Nikatoka nikijiona shujaa.

Halafu Dida akaugua kweli. Wewe unakumbuka tu kwamba mama yako hakuwa nyumbani na kwamba Akko, mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akikupikia na kukuzuia usilie. Kilichotokea ni hiki. Dida alipata homa na kikohozi, nami nikashusha chupa kutoka juu ya kabati. Homa ikashuka kidogo, nikasema ameinua kichwa. Ikapanda, nikashusha chupa nyingine. Nikaendelea hivyo nikimwambia mama yako asubiri, mpaka alipomvua shati akaona mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Hakuniuliza ruhusa. Alimfunga kwenye shuka akatoka naye mbio, nami nikafuata nyuma nikivaa viatu njiani.

Daktari mwanamke aliyempokea aliniuliza, "Mzee, kabla ya kuja hapa mtoto amekunywa dawa gani?"

Kulikuwa na watu benchini. Wawili kati yao walikuwa majirani zetu, wale wa kuniita daktari. Nikasema, "Hakuna. Uji tu na maji."

Mama yako alinitazama. Hakusema kitu kwa sababu hakutaka kuniaibisha mbele za watu, na amebeba uzito wa kunyamaza kule mpaka leo ingawa haukuwa wake. Wakamwanzishia Dida dawa za kawaida, wakiamini ni mtoto ambaye hajagusa dawa. Zikawa kama maji. Tulihamishiwa Meru, na huko mama yako akamwambia nesi ukweli nikiwa nimetoka kununua chai. Wakabadilisha dawa. Dida akaanza kupumua taratibu, halafu akaomba maziwa.

Daktari wa Meru alinieleza bila ukali. Alisema dawa hizi za antibiotiki zinaua vijidudu fulani tu, na mafua mengi ya watoto hayatokani na vijidudu hivyo, kwa hiyo unampa mtoto dawa ambayo haina kazi ya kufanya. Na ukimpa kidogo leo, ukaacha, ukampa tena kidogo, vinavyokufa ni vile dhaifu. Vigumu vinabaki na kuzaana. Alikuwa bado anaongea nami nilikuwa nimeshaelewa, kwa sababu hilo nililijua zamani. Nililijua kwa kupe! Binamu yangu alikuwa akizimua dawa ya kuogesha ng'ombe ili ifike mbali, na nilimtukana mbele ya wazee kwamba kupe wake sasa wanajifunza kuogelea. Kupe niliwaelewa. Watoto wangu sikuwaelewa.

Nikamuuliza, "Daktari, ni mimi?" Akasema hawezi kujua. Vijidudu vigumu viko mjini kote, watoto wanaambukizana, kwa sababu dawa hizi zinanywewa ovyo kila nyumba. Nadhani alitaka kunipunguzia mzigo. Hakujua kwamba nyumba nyingi za mtaa wetu zilikuwa zikichukua dawa kwangu.

Nilirudi nikazitoa chupa zote juu ya kabati. Majirani walipogonga niliwaambia zimekwisha, sikuwaambia kwa nini. Hilo nalo nimeliona leo ninapoandika: ningeweza kuwaeleza, wangenisikiliza mimi kuliko daktari yeyote, na nikachagua kubaki mtu mzuri aliyeishiwa. Dida amekua, ananipita kwa urefu, yuko zake bweni anataka viatu vipya kila muhula. Nikaona yamepita.

Sasa utaniuliza, Aba, kama ulijua yote haya, kwa nini Boru? Hapo sina neno la sokoni la kukupa. Alfajiri ile Boru alikohoa, na kikohozi chake kilikuwa kile kile cha Dida. Mwili wangu ukaamka kabla yangu. Wewe ulikuwa umetulia, na utulivu wako uliniudhi, niliuona ni uzembe wa vijana. Nilitaka mtu afanye kitu. Kuketi na kumtazama mtoto akikohoa bila kumtia kitu mdomoni niliona ni kumtupa. Yote niliyoambiwa Meru yalikuwa kichwani, nakumbuka hata rangi ya ukuta wa chumba kile, lakini mkono ulikwenda kemisti bila kuyauliza.

Na sasa naona kwamba wewe ndiye uliyekuwa ukifanya kitu. Kila baada ya muda ulikuwa ukiinua fulana yake na kutazama mbavu. Ulikuwa ukimpangusa pua kabla ya kumweka titini ili aweze kuvuta pumzi na kunyonya. Uliamka, ukalala, ukaamka. Hiyo ilikuwa kazi, na nzito kuliko yangu. Mimi nilimimina kijiko nikaenda kulala nimeridhika. Nimekaa nikijiuliza ni mara ngapi maishani niliwapa dawa ninyi ili mimi nipate usingizi.

Jana nilikwenda kwa yule daktari kijana aliyemwona Boru. Sikukuaga, nilisema naenda sokoni. Nilisimama kwenye foleni ya akina mama na watoto, mwanamume peke yangu, bila mtoto, wakinitazama. Nilipoingia nikamwambia, "Mimi ni babu ya yule mtoto wa kuharisha. Mimi ndio nilimpa dawa."

Akaweka kalamu chini. "Ile ya unga?"

"Ile ya unga."

"Umeacha?"

"Tangu aanze kuharisha."

"Na sasa ako aje?"

"Ameacha kuharisha. Ananyonya, anacheka."

Akasema dawa hizi mara nyingi huvuruga tumbo la mtoto mchanga, kwa sababu haziui vijidudu vibaya tu, huua na vile vinavyomsaidia. Ukiacha dawa na mtoto akanyonya sana, tumbo linatulia, na maziwa ya mama ndiyo yanayolituliza haraka. Nikamuuliza kama maziwa yanaweza kuharibika kwa jua. Akatikisa kichwa. Halafu akaniambia, "Mzee, mwambie mamake. Huyo mama anafikiria ni yeye." Alikuona mara mbili tu, mwanangu, na aliona kilichokuwa kikikula. Mimi ninayejua mpaka jinsi unavyokoroga chai niliona na nikakuacha ukiliwa.

Usije ukachukia dawa kwa sababu yangu. Dawa ndiyo iliyomrudisha Dida, alipopewa ile iliyomfaa, kwa kipimo chake, mpaka mwisho, hata baada ya kuanza kukimbia wodini. Boru akipumua mbio, mbavu zikiingia ndani, au akikataa titi, usimngoje mtu, usiniulize mimi kwa simu, tafuta gari. Na wakikuuliza amekunywa nini, sema, hata kama amekunywa kwa kosa, hata kama benchi limejaa wakwe zako.

Mama mkwe wako sitaki umwone adui. Atamjia Boru na chupa kama nilivyomjia mimi, na atakuwa akimpenda. Duka la pale Korbesa halitakosa vidonge vya rangi mbili, na atajua mtu ambaye mtoto wake alipona navyo. Ukimwambia hapana tu, atafanya kama nilivyofanya, atangoja uende kuoga. Mpe kazi. Mwambie amshike Boru wima kifuani mwake anapokohoa, mwambie akae amhesabie pumzi, mwambie kazi hiyo huwezi kuiacha kwa mtu mwingine. Mtu mzima mwenye woga akiwa na kitu cha kufanya kwa mikono yake, haitafuti chupa. Ningepewa mimi kazi hiyo labda nisingekwenda stendi. Sisemi hivyo kukulaumu, ulijaribu kunipa, ukaniambia "tumwangalie pumzi," na mimi nikakuchekea mbele ya wageni.

Na mumeo Guyo mwambie. Ni mwalimu, anajua kusikiliza mpaka mwisho kabla ya kusahihisha. Mwambie baba mkwe wake alidanganya kemisti, akamnywesha mtoto wake kwa siri, akakuacha ulie. Akitaka kunipigia simu nitaipokea.

Nilipanga kuichomeka barua hii katikati ya nguo za Boru ili uikute ukiwa umeshafika, mbali na macho yangu. Nilimwambia mama yako mpango huo nikidhani ni wa heshima. Akaniuliza, "Na kabla hajazifikia hizo nguo, atakuwa amempa mtoto nini njiani?" Basi.

Kwa hiyo kesho tukitoka kuswali nitaketi pale kwenye mkeka, nitakupa karatasi hizi mkononi, na sitainuka mpaka umalize kuzisoma. Ukiwa na la kunitukana, nitukane, nitakaa. Sitasema labda. Ukimaliza, mnyonyeshe Boru hapo hapo mbele yetu sote, mchana kweupe, na ile chupa iache hapa. Nilikuwa nimetamani nimbebe mimi mpaka kwenye gari la Merti, njia ya Korbesa, lakini najua huenda hutataka kumtia mikononi mwangu, na sitakuomba. Nitabeba mizigo.

Mimi baba yako.